Mwanafunzi wa Sayansi na Swali la "Umeipata Wapi?"

Katika Kiswahili cha wazee wetu neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu. Kwa ajili hiyo mtu aliyezama katika vitabu aliitwa mwanachuoni, na mahali watoto walipokusanyika kusoma pakaitwa chuoni. Basi kijana anapopata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu, jina lenyewe lamkumbusha kwamba aendako ni kwenye vitabu, tena vingi kuliko alivyopata kuviona maishani mwake. La kusikitisha ni kwamba wengi huingia humo hali hawajafundishwa na mtu yeyote namna ya kuingia katika nyumba ya vitabu, kulitafuta jambo, kulipima, na kutoka nalo likiwa safi.

Jambo hili huwapata zaidi vijana wa sayansi na uhandisi. Asomaye sharia au tarikhi hujua tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake ni kusoma. Lakini wa sayansi hudhani kazi yake ni hesabu, maabara na mashine, na kwamba maktaba ni mahali pa kukaa kimya wakati mtihani unapokaribia. Halafu mwaka wa mwisho hufika. Huambiwa aandike mradi wake mwenyewe, aeleze wenzake duniani wamekwisha kufanya nini katika jambo hilo, na aonyeshe kila khabari ameitoa wapi. Hapo ndipo jasho linapomtoka.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Kidichi, na elimu yake ni ya chuoni na ya skuli ya msingi. Hatujifanyi wahandisi. Lakini watoto tuliowafundisha alif na be wamekuwa vijana. Wamekwenda Tunguu na Dar es Salaam, na hurudi wakati wa likizo wakiwa na maswali. Kwa kuwasikiliza tumeona kwamba wanachokikosa si akili wala bidii. Wanakosa desturi moja ambayo watu wa chuoni tunaijua tangu zamani, nayo ni desturi ya kuuliza: "Umeipata wapi?"

Mikarafuu ya Kizimbani

Tutoe mfano wa hapa hapa kwetu. Kizimbani ni jirani wa Kidichi, na ni miongoni mwa mahali pa mwanzo palipopandwa mikarafuu katika kisiwa cha Unguja, mapema katika karne ya 19. Leo hapo pana Skuli ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, na pana watafiti wa kilimo wa Serikali. Na tuseme kijana wa Kidichi anasoma hapo shahada yake ya kwanza. Shambani kwa babu yake mikarafuu mikubwa, iliyokuwa ikizaa vizuri, inageuka majani kuwa manjano, inapukutika, na baada ya muda mfupi mti mzima umekauka. Kijana ataka kuandika mradi wake juu ya jambo hili. Na nyumbani yuko mzee anayengojea jibu: aikate? Apige dawa? Apande mingine pale pale?

Kijana huyu akifungua simu yake na kuandika maneno mawili matatu juu ya maradhi ya mikarafuu, ataletewa maandiko mengi kabla hajamaliza kupepesa macho. Miongoni mwayo atakuta maandiko ya Indonesia yanayosema kwamba mikarafuu ya huko hufa kwa bakteria wanaochukuliwa na wadudu wadogo wenye kufyonza utomvu. Atafurahi sana. Dalili anazozisoma ni zile zile alizoziona kwa macho yake. Atamwambia babu yake anunue dawa ya wadudu, na mzee atauza mbuzi ili ainunue.

Lakini ugonjwa ule wa Indonesia, uitwao ugonjwa wa Sumatra, ni mwingine. Ugonjwa ambao hapa Zanzibar wataalamu waliuita kifo cha ghafla ulichunguzwa katika mashamba yetu wenyewe na Nutman na Roberts, na mapema katika miaka ya 1950 walieleza kuwa unatokana na kuvu iliyopewa jina la Valsa eugeniae. Mti ni mmoja na dalili zafanana, ila chanzo ni mbali mbali, na dawa ya wadudu haiui kuvu. Tena, hata kijana akiyajua yote mawili, bado yampasa achukue vipande vya mti wa babu yake vikapimwe maabara, kwani huenda mti una ugonjwa wa tatu. Maktaba haichukui mahali pa maabara. Kazi yake ni kumwonyesha mwanafunzi nini cha kukitafuta huko maabara, ili asiende kama mtu apapasaye gizani.

Je, kwa nini kijana huyu aliikuta khabari ya Indonesia kabla ya khabari ya nyumbani kwake? Sababu ya kwanza ni majina. Mkarafuu kwa wataalamu wa leo ni Syzygium aromaticum. Zamani uliitwa Eugenia caryophyllata, na wengine wakiuita Eugenia aromatica. Anayetafuta kwa jina la leo peke yake humkosa aliyeandika kwa jina la jana, wala si kwamba kitabu hakipo. Na majina ya nchi ni vivyo hivyo. Aliyeandika mwaka 1950 juu ya Bara aliandika Tanganyika; Tanzania lilikuja mwaka 1964. Sababu ya pili ni kwamba maandiko ya zamani mengi hayakuwekwa yote katika intaneti, au yamewekwa ila hayaonekani bila ya kibali. Kitabu cha G. E. Tidbury juu ya mti wa mkarafuu kilichapishwa London mwaka 1949. Yeyote atakaye kukisoma sawa sawa hana budi kuulizia maktaba.

Njia ya Kufuata

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kutafuta katika maktaba ni bahati, kama kuvua samaki. Sivyo. Ina taratibu zake, na kila mwenye subira aweza kuzijua.

Kwanza, kijana alifanye jambo lake kuwa swali. "Karafuu" si swali. "Kwa nini mikarafuu mikubwa hufa ghafla katika mashamba ya kaskazini ya Unguja, na wenziwe huko nyuma walizuia kwa njia gani?" hilo ni swali, na lina mipaka. Asiye na swali hurudi na mzigo wa karatasi asiojua la kuufanya.

Pili, aanze kwa vitabu vya jumla: kamusi za elimu, vitabu vya kiada na vitabu vya mkononi vya mafundi. Hivi havitampa jibu la mwisho, lakini vitampa maneno. Naye ayaandike maneno hayo katika safu: jina la Kiswahili, jina la Kiingereza, jina la kisayansi la leo, jina la kisayansi la zamani, jina la ugonjwa, jina la mahali. Safu hiyo ndiyo funguo zake.

Tatu, ajue kuyaunganisha maneno hayo. Mashine nyingi za kutafutia za maktaba huelewa maneno matatu madogo ya Kiingereza, AND, OR na NOT. La kwanza hupunguza, kwa kuwa huamuru maneno yote mawili yawepo. La pili huongeza, kwa kuwa huridhika na moja lolote, na hilo ndilo la kuunganishia jina la mkarafuu la leo na la zamani. La tatu huondoa kisichotakiwa. Kijana aliyejua matumizi ya maneno haya matatu hupata katika saa moja kile ambacho mwenzake hukikosa kwa wiki nzima.

Nne, ajue nambari za rafu. Mmarekani Melvil Dewey alitoa mpango wake mwaka 1876, na maktaba nyingi za dunia zaufuata mpaka leo. Katika mpango huo sayansi huanzia 500, uhandisi uko 620, kilimo 630, na ujenzi 690. Maktaba nyingine hutumia herufi: Q kwa sayansi, S kwa kilimo, T kwa ufundi. Akiisha kukipata kitabu kimoja, asikichukue na kuondoka. Atazame na jirani zake katika rafu ile, kwa kuwa vitabu vya jambo moja hulazwa pamoja.

Tano, ajue kwamba khabari mpya za sayansi hutokea kwanza katika majarida ya wataalamu, na vitabu huja nyuma yake kwa miaka. Na kwa kuwa majarida ni maelfu, yako maandiko yaliyofanywa kwa ajili ya kuyafupisha na kuyapanga. Katika maradhi ya mimea, kwa mfano, jarida la muhtasari liitwalo Review of Applied Mycology lilianza mwaka 1922, na muhtasari wake leo wapatikana kwa kompyuta. Ukurasa mmoja wa namna hii waweza kumwonyesha kijana njia ya makala ishirini.

Sita, na hili ndilo linalosahauliwa mno, akipata makala moja nzuri aifuate pande mbili. Upande wa nyuma ni marejeo yaliyo mwishoni mwake, yanayomwonyesha mwandishi aliwategemea nani. Upande wa mbele ni wale waliokuja baadaye wakaitaja makala hiyo, ama kwa kuiunga mkono ama kwa kuipinga. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, huwaonyesha hawa kwa kubonyeza mara moja. Aliyesoma makala ya mwaka 1952 bila ya kuwatazama waliokuja nyuma yake ni kama aliyesikia dai la mlalamikaji akaondoka kabla mshitakiwa hajasema.

Hamamu na Chokaa

Asidhani mhandisi kwamba hayo ni ya watu wa kilimo tu. Kidichi yetu yajulikana kwa hamamu iliyojengwa na Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Kuta zake ni za mawe na chokaa, na kuba zake na mapambo yake ya lipu yamesimama tangu wakati huo. Mji Mkongwe wote nao umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Mhandisi kijana aliyefunzwa saruji na chuma peke yake, akiamrishwa kutengeneza ukuta wa namna hii, huona jambo ni jepesi: apige lipu ya saruji, amalize. Lakini saruji ni ngumu kuliko mawe haya na huzuia unyevu usitoke. Ukuta uliokuwa ukipumua hubaki na maji ndani yake, na baada ya miaka michache jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya lipu iliyo nzuri kwa kutazamwa.

Khabari hizi hazimo katika kitabu kimoja. Sehemu iko katika vitabu vya ujenzi, 690. Sehemu katika vitabu vya usanifu wa majumba, 720. Sehemu katika tarikhi ya Afrika Mashariki, 967. Sehemu katika picha na ramani za zamani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kilimani. Na sehemu nyingine iko vichwani mwa mafundi wazee waliopata kuchoma matumbawe katika tanuu na kuiacha chokaa ilale kabla ya kutumiwa. Mwanafunzi mwema huzizungukia zote. Wala si anasa kufanya hivyo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Hatutaki kuhukumu sababu yake. Twasema tu kwamba majumba ya zamani yana siri zake, na anayeyagusa ana dhamana ya roho za watu. Basi haifai ayaguse kabla hajasoma kila lililoandikwa.

Sanad ya Mwanasayansi

Watu wa chuoni hawatayaona mambo haya kuwa mageni. Wanavyuoni wa Hadithi hawakukubali maneno kwa uzuri wake. Waliuliza: nani kakuambia, naye kaambiwa na nani, walikutana wapi, na je, alikuwa mkweli na mwenye hifadhi njema? Mlolongo huo ndio sanad. Na Kurani yenyewe, katika Surat al-Hujurat, inatuamuru kuichunguza khabari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mzee aliyeuza mbuzi wake kwa dawa isiyofaa ni mtu aliyedhuriwa kwa khabari isiyochunguzwa.

Na orodha ya vitabu si jambo tuliloletewa na wageni. Ibn al-Nadim, aliyekuwa mtu wa biashara ya vitabu mjini Baghdad, aliandika Fihrist yake mwaka 377 wa Hijra, sawa na 987 Miladia, akaviorodhesha vitabu alivyovijua katika sehemu kumi kwa kufuata elimu zake. Na Ibn al-Haytham, mtaalamu mkubwa wa elimu ya nuru, alitunga kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya maneno ya Ptolemy, ingawa watu wa zama zake walimtukuza Mgiriki yule. Alimsoma kwa adabu, akampima kwa hoja.

Lakini iko tofauti moja ambayo kijana aishike. Katika riwaya, mpokezi akiwa mwaminifu na mlolongo ukiwa mzima, khabari yapata nguvu. Katika sayansi uaminifu wa mtu hautoshi. Mwandishi wa makala sharti aeleze alivyofanya, alipima nini, kwa chombo gani, mara ngapi, ili mtu mwingine aweze kufanya vile vile na kuona kama atapata yale yale. Basi msomaji wa makala ya sayansi huuliza maswali matano: nani kaandika? Lini? Wapi, na je, udongo na mvua ya huko ni kama ya kwetu? Alipima vipi? Na nani hakukubaliana naye? Makala isiyojibu swali la nne haifai kutegemewa hata ikiwa imechapishwa kwa herufi za dhahabu.

Hata katika mambo mepesi swali hili lina faida. Vitabu vingi vyasema karafuu ililetwa Unguja na Saleh bin Haramil. Lakini fungua kitabu kimoja, utasoma 1812. Fungua cha pili, utasoma 1818. Mwanafunzi mvivu huchagua mmoja na kunyamaza. Mwanafunzi wa kweli huandika kwamba waandishi wamekhitilafiana, na humtaja kila mmoja na kauli yake. Kufanya hivyo si udhaifu, ni uaminifu.

Milango Iliyo Wazi

Huenda mzazi akasema: "Haya ni ya watu wa Ulaya; mtoto wangu atavipata wapi vitabu hivyo?" Tumjibu kwamba milango ipo mingi kuliko anavyodhani. Hapa Unguja pana Maktaba Kuu huko Maisara, ambamo hata mwanafunzi wa skuli huruhusiwa kusoma. Pana maktaba za SUZA, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Pana Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye hazina ya maandiko juu ya bahari yetu. Huko Bweleo, mwezi wa Novemba 2023, ilifunguliwa tawi la chuo cha teknolojia cha Madras cha India, ambapo vijana husomea elimu ya data na akili mnemba. Na anayevuka kwenda Dar es Salaam atakuta, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, yenye nafasi ya kukaa watu wengi kwa wakati mmoja.

Zaidi ya hayo, uko mpango uitwao Research4Life ambao hufungua majarida ya thamani kubwa kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo, bure au kwa bei nafuu. Sehemu yake ya afya ilianza mwaka 2002, na ya kilimo, iitwayo AGORA, ilianza mwaka 2003 chini ya shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Kijana akiona makala inadai fedha, asikate tamaa wala asikimbilie njia za wizi. Amwendee mkutubi na kumwuliza kama chuo chake kimejiandikisha. Hapa ndipo vijana wengi hukosa kwa haya tu. Humwona mkutubi kama mlinzi wa mlango, na kumbe kazi yake aliyosomea ni kutafuta. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, na nusu saa pamoja na mkutubi mzuri yashinda siku tatu za kuhangaika peke yako.

Hatari Mbili za Zama Hizi

Ya kwanza ni ya zamani iliyopata miguu mipya, nayo ni kunakili. Kuchukua maneno ya mtu na kuyatia jina lako ni wizi, hata kama mwenyewe yuko mbali na hatajua. Vyuo navyo vina programu za kulinganisha maandiko, na mara nyingi humgundua mwizi kabla mwalimu hajamaliza kusoma. Na tiba yake ni nyepesi: tangu siku ya kwanza kijana awe na daftari. Kila anachokisoma aandike jina la mwandishi, jina la kitabu au jarida, mwaka, na ukurasa. Na maneno aliyoyanukuu kama yalivyo ayatenge kwa alama, yasichanganyike na maneno yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali.

Ya pili ni mpya kabisa. Zimekuja programu za akili mnemba zinazojibu kila swali kwa lugha tamu na kwa haraka. Zina manufaa, kwa mfano katika kufafanua neno gumu au kupendekeza maneno ya kutafutia. Lakini zina tabia ambayo mwanafunzi hana budi kuijua: zikiulizwa marejeo, mara nyingine hutunga. Hutaja jina la mwandishi, jina la jarida, mwaka na kurasa, na ukienda kuitafuta makala hiyo huioni, kwa kuwa haikuandikwa na mtu. Huo ni mfano kamili wa khabari isiyo na sanad. Sharti basi iwe moja tu: usiandike katika marejeo yako jambo ambalo hukulifungua na kulisoma kwa macho yako mwenyewe.

Kazi ya Nyumbani

Msidhani, enyi wazazi, ya kwamba mambo haya ni ya chuo kikuu peke yake. Mtu hafundishwi kuuliza akiwa na umri wa miaka ishirini ikiwa alikatazwa kuuliza akiwa na miaka saba. Mtoto akirudi na khabari, iwe ya skuli, ya baraza au ya simu, tusimwambie tu "kweli" au "uongo". Tumwulize kwa upole: "Umeipata wapi, mwanangu?" Akisema "wanasema", tumwulize ni nani hao. Akiulizwa hivyo kila siku, itakuwa tabia yake kabla haijawa kazi yake.

Tena tumzoeze kukitumia kitabu. Mtoto wa darasa la tano aweza kufundishwa kutazama yaliyomo mwanzoni na faharasa mwishoni, na kupata ukurasa anaoutaka bila kufunua kitabu chote. Mchukueni Maisara wakati wa likizo, mkae naye saa moja, achague kitabu kimoja na aje awasimulie alichokisoma. Na tusiwasahau mabinti. Binti anayesoma sayansi aweza kuwa ndiye atakayejua kwa nini kisima cha mtaa kimeingia chumvi, au kwa nini mwani wa mama yake umekufa. Naye ana haki ya kukaa maktaba kama kaka yake, na kupewa usafiri wa kurudi nyumbani salama.

Nanyi vijana mnaokwenda kuanza mwaka wenu wa kwanza, msingojee mradi wa mwaka wa mwisho. Wiki ya kwanza ingieni maktaba, jitambulisheni kwa mkutubi, ombeni mafunzo yatolewayo kwa wageni. Kisha chagueni jambo moja dogo la kwenu, kama mti wa babu, ukuta wa hamamu au kisima cha mtaa, na mlitafute kwa taratibu tulizozitaja mpaka mwandike ukurasa mmoja ambao kila sentensi yake ina sanad. Ukurasa huo mmoja utawafaa kuliko juzuu nzima iliyokusanywa ovyo.

Kidichi ina mikarafuu inayohitaji watu wa kuiponya, na majumba yanayohitaji watu wa kuyashika kwa ujuzi. Watu hao wamo katika majumba yetu hivi sasa, na baadhi yao bado wanasoma juzuu ya Amma. Jukumu letu ni kuwapa swali moja la kwenda nalo popote watakapokwenda, walitumie kwa wengine na kwa nafsi zao wenyewe. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha waja wake katika elimu yenye manufaa.